Kwa dada aliyeniuliza kama figo moja inatosha

Wiki hii nimechukua majibu ya vipimo vyangu vya mwaka, ninavyofanyiwa tangu nilipompa mdogo wangu figo moja: mkojo hauna protini, presha nzuri, kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyochuja) haijasogea. Nikayatangaza kwenye status, nikajisifu kidogo (nina haki), na jioni ikaingia meseji ya msomaji: "Dada, mama ameambiwa atafute mtu wa kumpa figo. Mimi ndiye ninayeendana naye. Mume wangu anasema nitabaki nusu mtu. Wewe unaishije?"

Nusu mtu! Maneno hayohayo shangazi yangu aliyatamka kwenye kikao cha ukoo, chai yangu ikiwa bado haijapoa. Akaongeza kwamba mwanamke ambaye hajamaliza kuzaa hapasuliwi ovyo. Hakuna aliyemkatiza. Na katika wote waliotikisa vichwa siku ile, hakuna aliyekuwa amejitolea hata kupima kundi la damu.

Mgonjwa alikuwa kitindamimba wetu. Alianza kuvimba miguu, tukasema ni kusimama dukani kutwa nzima. Kumbe presha ilikuwa imemla muda mrefu. Figo hazilalamiki mapema; zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake na mtu bado anacheza mpira jioni. Tulipofika hospitali, habari ikawa ni mashine ya kusafisha damu: mara tatu kwa wiki, masaa manne manne. Mkononi walimuunganishia mshipa na ateri ili damu ipite kwa kasi, na ukimgusa pale unasikia mtetemo chini ya ngozi, kama simu iliyozimwa sauti.

Sindano alizizoea. Kiu ndiyo iliyomtesa. Mkojo ukikatika, maji unayokunywa hayana pa kwenda. Yanajaa miguuni, yanapanda hadi kwenye mapafu. Basi akawa anapimiwa maji kwa kikombe, ananyonya kipande cha barafu polepole, na sisi tunajificha jikoni kunywa soda.

Nikaanza kusoma, na nilichokisoma ndicho kilichonipa jeuri ya kumjibu shangazi. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyoitwa nefroni, karibu milioni moja. Katika kila lita tano za damu inayosukumwa na moyo, takriban moja inapitia kwenye figo. Kwa siku zinachujwa lita kama 180, lakini tunakojoa lita moja na nusu hivi, kwa sababu karibu maji yote, sukari yote na sehemu kubwa ya chumvi hurudishwa kwenye damu. Taka na ziada ndizo zinazoteremka kwenye mirija miwili hadi kwenye kibofu. Juu ya hapo, figo hutoa homoni inayoamrisha mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana mdogo wangu alikuwa amepauka viganja na akichomwa sindano za kuongeza damu.

Ukitoa moja, iliyobaki hutanuka na kuongeza kazi, hadi kufikia kama asilimia 70 ya uwezo wa zote mbili. Mtu wa kwanza kumpa ndugu yake figo na ikashika vizuri ni Ronald Herrick, kule Boston mwaka 1954, aliyempa pacha wake Richard. Ronald aliishi hadi 2010, akiwa na miaka 79. Na kwetu sasa si lazima safari ya India: hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kupandikiza Novemba 2017, Dodoma mwaka uliofuata.

Miezi ya vipimo nairuka, haina utamu. Walinitoa ya kushoto, ambayo mshipa wake ni mrefu zaidi, wakaipandikiza chini ya tumbo lake, karibu na nyonga. Zake za zamani waliziacha palepale. Nilipoweza kusimama nikaenda kumwona, nikamkuta mama amekaa kitandani kwake hamwangalii usoni. Anaangalia mfuko wa mkojo uliokuwa unaning'inia pembeni, unajaa. Akaniambia, "Mwanangu, ona, unajaa!" Sijawahi kumwona mtu akifurahia mkojo namna ile.

Sasa, dada, nikujibu. Naishi vizuri. Kidonda kiliniuma, uchovu ulikaa muda. Kreatinini yako itapanda kidogo baada ya kutoa, usishtuke. Mimba inawezekana, ila hatari ya presha ya ujauzito huongezeka kiasi, kwa hiyo mwambie daktari mapema mipango yako. Kunywa maji kila ukisikia kiu. Huna haja ya kujijaza ndoo. Pima presha. Diklofenaki na ibuprofeni usinunue dukani kiholela, hata kichwa kiume vipi. Na wale wanaouza mizizi ya "kusafisha figo" stendi, wapite mbali! Figo husafisha, haisafishwi na chupa ya mtu asiyejua alichochemsha. Pima presha, narudia, maana watu hawasikii.

Mumeo mpeleke kliniki akasikie mwenyewe kwa daktari. Na ndugu zako wote wa tumbo moja wapime damu na mkojo, hata wasiotaka kuchangia, maana ugonjwa wa figo hutembea kwenye familia. Kwetu niliwaambia hivyo hivyo. Shangazi ana presha mwaka wa pili sasa, na mpaka naandika hapa hajapeleka mkojo maabara.