Kabla Hujapuliza Rangi kwenye Foku ya Baiskeli Yako

Baiskeli yangu ya milimani niliinunua ikiwa ya mtumba hapa Moshi, na kasoro pekee iliyonikera ilikuwa kwenye mguu wa kushoto wa foku, yaani uma wa mbele unaoshika gurudumu, ambako waya wa breki ulikuwa umesugua rangi nyeusi hadi ikatoka kwa upana wa kidole gumba. Nilidhani ni jambo la sura tu. Nikanunua kopo la rangi ya kupuliza, nikapuliza jioni moja uani na kujiona fundi. Masika ilipokwisha, rangi ile ilikuwa imeumuka kama andazi, na nilipoichokoa kwa ukucha kilibanduka kipande kizima, chini yake pakiwa na unga mweupe.

Unga huo ndio kiini cha makala haya. Miguu ya chini ya foku nyingi zenye shokapu hutengenezwa kwa aloi ya magnesiamu, kwa kuwa ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo ya magnesiamu ina takriban gramu 1.7, ilhali ya aluminiamu ina gramu 2.7. Hata hivyo, magnesiamu huliwa haraka na maji, hasa yenye chumvi, na kutu yake si nyekundu bali ni huo unga mweupe. Rangi ya kiwandani ndiyo ngozi yake, na ukipaka nyingine juu ya unga, unafungia ugonjwa ndani. Ikiwa hujui foku yako ni ya nini, weka sumaku: ikinasa, ni ya chuma cha kawaida na kutu yake utaitambua kwa wekundu.

Mara ya pili nilianza kwa kutoa gurudumu na breki, nikaosha kwa maji na sabuni, nikakausha, kisha nikapachunguza mahali palipochubuka nikiwa juani, maana ukiona ufa hapo, kazi ya rangi imekwisha na foku hiyo haifai kupandwa tena. Nilitumia msasa namba 240 kuondoa unga wote hadi metali ikang'aa, halafu namba 400 kulainisha kingo za rangi ya zamani mpaka kidole kikipita kisihisi ngazi. Sugua kwa mkono, tena msasa ukiwa na maji kidogo, kwa sababu vumbi la magnesiamu hushika moto. Usifanye kazi hii kwenye gereji ambayo jirani yake anachomelea vyuma, na gereji zetu nyingi ziko hivyo. Ukimaliza kausha mara moja, futa kwa spiriti, na usiguse tena kwa vidole vyenye jasho.

Mirija ya juu inayong'aa, ile inayoingia na kutoka shokapu inapocheza, haipakwi rangi wala haipigwi msasa kamwe. Fundi mmoja aliwahi kuifunika kwa gazeti nilipompelekea foku ya ndugu yangu. Rangi ikapenya, naye akaikwangua kwa msasa, na ndani ya wiki chache oili ikaanza kuvuja kwenye sili, zile raba zinazoizuia isitoke. Tumia tepu ya karatasi ya wapaka rangi za magari, kisha zungushia mfuko wa nailoni. Ziba pia mahali breki inapokaa na mahali ekseli inapobanwa, kwa kuwa rangi ikilala hapo husagika taratibu na nati hulegea.

Praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, iwe ya epoksi, ambayo hupatikana katika maduka ya rangi za magari; kopo la bei rahisi lililoandikwa kuwa ni la kila kitu ndilo lililoniponza. Baada ya hapo puliza rangi tabaka tatu nyembamba ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, ukingoja dakika kumi au kumi na tano kati ya moja na nyingine, kisha klia, yaani rangi ya juu isiyo na rangi. Kuhusu kufananisha weusi, sikuhangaika sana. Kiraka kidogo kilichokaa vizuri kinanitosha. Adui mkubwa hapa ni vumbi la Januari na Februari, hivyo nilinyunyizia uwanja maji na kupuliza alfajiri kabla ya upepo. Usiharakishe kwa jiko la mkaa, joto litaharibu sili. Mimi niliiacha wiki nzima kabla ya kurudisha waya.

Na waya huo ndio uliohitaji marekebisho ya kweli. Niliufunga upya ili usiguse mguu wa foku, na pale ulipokuwa hauna budi kupita nikagundisha kipande cha tyubu kuukuu cha urefu wa kidole. Kwa safari zangu za Kibosho na kurudi, kipande hicho nimeshakibadilisha mara mbili, na kila ninapokibandua hufuta vumbi jekundu lililojibanza chini yake kabla ya kuweka kingine.