Himalaya na kupatwa kwa jua: muulize kiongozi jua litakuwa upande gani

Mleta mada ameuliza kama kuna maana kulipia ziara ya Himalaya ya kuongozwa, iliyopangwa iangukie siku ya kupatwa kwa jua, au ni njia tu ya kampuni za utalii kupandisha bei. Niliwahi kwenda ziara ya namna hiyo Bhutan, Julai 2009, enzi hizo nikifanya kazi Muscat. Mkuu, maana ipo, na nikipata nafasi nakwenda tena. Ila kuna mambo mawili ambayo matangazo hayayagusi, nayo ndiyo yanayoamua kama utaona kitu: msimu, na upande ambao jua litakuwa saa ile.

Tuanze na msimu. Kupatwa kwa tarehe 22 Julai 2009 ndiko kurefu kuliko kote katika karne hii. Huko bahari ya Pasifiki giza lilifika dakika 6 na sekunde 39. Kivuli cha mwezi kiliingia India kwa upande wa Surat, kikapita Bhopal, Varanasi na Patna, kikagusa pembe ya kusini mashariki ya Nepal, kikavuka Bhutan, kisha China mpaka Shanghai. Ukiitazama kwenye ramani unaona njia ya kutamanika. Lakini Julai kule Himalaya ya mashariki ni katikati ya masika yao. Upepo wetu wa kusi, huu tunaoujua watu wa pwani, ukishavuka ikweta hupinda kwenye pwani ya Somalia ukaelekea India umebeba maji ya bahari. Ndio huohuo unaoifanya Salalah, kule kusini mwa Oman, iwe kijani wakati wa kharifu, msimu wao wa manyunyu. Ukiigonga milima ile hauna pa kupita. Unapanda, unapoa, unamwaga mvua. Taregna, kule jimbo la Bihar, India, palitajwa sana mwaka ule kuwa ndipo mahali bora pa kutazama, watu wakafurika kwa maelfu, na asubuhi wakakuta wingu zito. Varanasi wao waliona.

Kwa hiyo ukioneshwa tangazo, kabla ya kutazama picha ya mlima tazama mwezi wa kalenda. Kuanzia Juni hadi Septemba, upande wote wa kusini wa Himalaya, yaani Nepal, Sikkim, Darjeeling na Bhutan, unacheza bahati nasibu.

Sasa niwaeleze yetu ilivyokuwa, maana hapo ndipo nilipoelewa kazi ya kiongozi. Bhutan wakati ule hukuweza kujiendea tu. Sheria ilitaka upitie kampuni iliyosajiliwa na ulipe mapema kiwango cha kila siku kilichopangwa na serikali, ndani yake hoteli, chakula, gari na kiongozi. Wa kwetu alikuwa kijana wa Thimphu, mji mkuu wa Bhutan, amevaa gho, lile vazi lao la kiume linalofika magotini, na soksi ndefu nyeusi. Ratiba yetu iliandikwa kwamba tutatazama kutoka Dochula, njia ya mlimani yenye urefu wa zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, kwenye vile vijumba 108 vya ibada. Siku ya kuamkia tukio baada ya chakula cha jioni akatuambia hatupeleki Dochula. Akasema mvua ikinyesha ukungu hukaa pale juu mpaka karibu adhuhuri, tutaona nguo zetu tu. Vilevile kubaki chini mjini hakufai, kwa sababu kupatwa kutakuwa karibu na saa moja asubuhi, jua likiwa bado chini upande wa kaskazini mashariki, na ukingo wa bonde utalificha. Akatupeleka kwenye mteremko wa magharibi, juu ya mji, unaotazama mashariki moja kwa moja.

Baadhi ya wenzetu walinung'unika kwamba walilipia Dochula. Mimi nilimshukuru moyoni palepale. Mtu aliyekulia kwenye lile bonde anajua asubuhi ya Julai jua linachomoza juu ya jiwe lipi, na hilo huwezi kulipata kwenye ratiba iliyoandikwa ofisini.

Tulifika kukiwa na manyunyu. Wingu lilikuwa jepesi kiasi cha kupitisha jua mara kwa mara, tukaliona limeliwa upande, likapotea, likarudi limebaki ukucha. Tuliokuwa Waislamu tulitandika makoti ya mvua tukaswali swala ya kusuf rakaa mbili, na kiongozi akasogea pembeni na wenzetu wengine kutupisha. Mama mmoja mzee wa pale alikuwa amekaa kwenye jiwe anavuta tasbihi yake ya mbao, midomo inacheza, hatazami juu kabisa.

Kisha wingu likafunga. Taji la jua, ile mionzi myeupe inayouzunguka mwezi mweusi, sikuliona. Lakini nilichokiona sijakisahau. Kivuli kilikuja kutoka nyuma yetu, magharibi, kikapita juu ya vichwa vyetu, na kwa kuwa tulikuwa juu na bonde liko wazi mbele, tulikiona kikishuka mjini na kupanda safu za upande wa pili: ya kwanza ikazima, ya pili ikazima, ya tatu ikazima, kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata. Taa za barabarani zikawaka. Mbwa wa Thimphu, ambao ni wengi ajabu, walibweka wote kisha wakanyamaza wote. Pembeni kabisa mwa upeo, kila upande, ulibaki mkanda wa rangi ya chungwa kama magharibi imezunguka dunia nzima. Baridi ilishuka ghafla mpaka nikafunga koti. Kwenye uwanda usingeona mwendo ule. Ukiwa mlimani unaona ukubwa wa kitu chenyewe, unajua huu ni mwezi unapita, una ukubwa na una njia yake.

Ndiyo maana nasema ziara inafaa hata kwa aliyefunikwa na wingu, mradi ziara yenyewe ina uzito. Sisi baada ya hapo tulipanda Taktsang, ile nyumba ya watawa iliyojengwa 1692 kwenye jabali juu ya bonde la Paro, tukala ema datshi, ambayo ni pilipili nzima zilizopikwa na jibini, na pilipili yenyewe ndiyo mboga. Kampuni ikikuuzia safari ambayo thamani yake yote iko kwenye zile dakika chache, achana nayo.

Tuje kwenye swali la lini. Kupatwa kikamilifu kutakakopita Himalaya ni tarehe 20 Machi 2034. Kivuli kitatokea Afrika Magharibi, kitavuka Chad, Sudan, Misri, Saudi Arabia, Iran na Pakistan, kitapita kaskazini kabisa mwa India upande wa Ladakh, na kuishia China. Ladakh ni habari nyingine kabisa na Bhutan, maana iko nyuma ya safu kuu na mvua za monsuni, yaani zile zinazoletwa na kusi, hazifiki sana. Ni nchi kavu. Machi bado kuna mawimbi ya theluji yanayotoka magharibi, kwa hiyo si uhakika, ila afadhali mara nyingi kuliko Julai ya Thimphu.

Lakini kule itakuwa jioni, jua linaelekea kuzama. Tatizo letu la ukingo wa mlima linarudi, safari hii upande wa magharibi. Ladakh ni mabonde membamba na kuta ndefu; ukisimama mahali pasipofaa, jua litakuwa limeshajificha nyuma ya mlima kabla mwezi haujalifikia. Kampuni yoyote ikikuuzia 2034, waulize: tutasimama wapi, na kutoka hapo magharibi kuna nini? Wakijibu kwa kukutajia hoteli, hawajafika bado. Anayejua kazi yake atakwenda pale mwaka mmoja kabla, tarehe ileile, saa ileile, aone jua linazamia wapi.

Jingine la Ladakh ni urefu. Leh, mji mkuu wa Ladakh, iko kama mita 3,500, na Machi wengi huingia kwa ndege, maana barabara ya kupitia njia ya mlimani ya Zoji La mara nyingi imefungwa na theluji. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wajue hiyo ni karibu na Horombo, ila Horombo unafika kwa miguu siku ya pili, Leh unashushwa kutoka Delhi kwa muda wa saa moja na kitu. Siku mbili za mwanzo ni kupumzika na kunywa maji, na kiongozi anayekupandisha Khardung La, njia ya mlimani iliyo juu zaidi ya Leh, siku ya kufika, mkatae. Dawa za urefu zungumza na daktari wako nyumbani.

Kama nia yako ni kuona giza tu, na milima ni nyongeza, usisubiri 2034. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kitapita Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika 6, na Agosti kule wingu ni nadra, ingawa joto ni kali. Na tarehe 21 Mei 2031 kutakuwa na kupatwa kwa pete kutakakopita Tanzania. Hapo mwezi haulifuniki jua lote, unabaki mduara wa mwanga pembeni. Hakuna giza kamili, lakini utajifunza kutumia miwani na kamera bila kulipia tiketi. Miwani iwe na alama ya ISO 12312-2. Kwenye pete usiivue hata sekunde moja. Kwenye kupatwa kikamilifu unaivua jua likishafunikwa lote, na unairudisha cheche ya kwanza ikitokea.

Karatasi za safari: India inadai cheti cha homa ya manjano kwa wanaotoka Kenya, Uganda na Kongo, na chanjo iwe imepita siku 10, la sivyo unaweza kuwekwa karantini mpaka jua lipite. Ukitaka kufika bonde la Nubra au ziwa Pangong, hukohuko Ladakh, mgeni anahitaji kibali maalumu, na hicho kampuni ndiyo inayokishughulikia. Bhutan siku hizi wamebadili utaratibu: tangu Septemba 2023 unalipa dola 100 kwa kila usiku, na hoteli na kiongozi ni gharama nyingine juu yake.

Mleta mada, kampuni iliyokuandikia ikikutajia jina la bonde, liweke hapa. Tufungue ramani tuone magharibi yake imezibwa na mlima gani.