Baridi Yote Hiyo ya Nini?

Swali: Nasikia wanafizikia wanapoza molekuli hadi karibu na sifuri halisi (baridi ya mwisho kabisa, takriban nyuzi −273) ili kuchunguza umbo la elektroni. Baridi inasaidia nini? Na kwa nini molekuli ni ngumu kupoza kuliko atomu? *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Wanatafuta kama chaji ya elektroni imeegemea upande mmoja. Ikiwa imeegemea, ndani ya uga wa umeme (eneo lenye nguvu ya umeme) spini yake, yaani mzunguko wake wa asili, itayumba kama pia ya kuchezea. Uga wa maabara hautoshi, lakini ndani ya molekuli nzito kama floridi ya iteribi elektroni huhisi zaidi ya volti bilioni 10 kwa sentimita. Kinachobaki ni muda, na hapo ndipo baridi inaposaidia: molekuli baridi huenda polepole, hivyo hutazamika kwa muda mrefu zaidi. Refusha muda wa kutazama mara 10, kosa la kipimo hupungua mara 10. Ongeza molekuli mara 10, hupungua mara 3 tu.

Mwale wa molekuli wa ACME, jaribio la Marekani la kutafuta mwegemeo huo, la 2018, ulitazamwa kwa milisekunde moja hivi. Ioni (molekuli zenye chaji) za floridi ya hafni, HfF⁺, zilizonaswa katika taasisi ya utafiti ya JILA, Colorado, zilifika sekunde 3, na mwaka 2023 zikaonyesha kwamba mwegemeo huo, kama upo, hauzidi 4.1 × 10⁻³⁰ e·cm (chaji ya elektroni mara sentimita). Ioni hushikwa kwa umeme hata zisipokuwa baridi sana. Molekuli isiyo na chaji haishikiki hivyo, na hapo ndipo leza inapohitajika, kuipunguza mwendo kwa mwanga.

Tazama floridi ya strontiamu, iliyonaswa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2014. Fotoni (chembe ya mwanga) moja ya leza ya nanomita 663 huipunguzia mwendo milimita 5.6 tu kwa sekunde. Mwale ukija kwa mita 140 kwa sekunde, zinahitajika fotoni 25,000. Lakini takriban mara 2 katika 100, molekuli ikishatoa mwanga hubaki inatetemeka, na leza ile haiigusi tena. Kwa wastani, baada ya fotoni 50 imekupotea. Atomu haina mtetemo wa namna hiyo. Dawa ni leza ya pili, ya nanomita 686, kuirudisha kundini, kisha nyingine kwa mitetemo ya juu zaidi.

Swali: Watajuaje kuwa hawakudanganywa na sumaku?

Jibu: Sumaku nayo huyumbisha spini, kwa hiyo hugeuza uga wa umeme: ishara ya kweli lazima igeuke nao. Kinachosumbua ni umeme unaovuja kati ya bamba zinazotengeneza uga huo: nao hugeuka, pamoja na usumaku wake, ukajifanya ishara. Ndiyo maana ACME walichagua oksidi ya thori, ambayo katika hali waliyoitumia karibu haisikii sumaku.