Binti yangu anasoma riwaya za majoka na uchawi: je, ni haramu?

SWALI: Assalaam alaykum, Shehe. Mimi ni mama mkazi wa Kirumba, Mwanza. Binti yangu wa miaka 16 huazima kwa rafiki yake wa shule riwaya za vijana zenye majoka yanayotema moto na wasichana wanaorusha radi kwa maneno ya kichawi. Juzi nilipandwa na hasira, nikakitia kimoja kwenye jiko la mkaa. Jirani ananihimiza nimpeleke binti kwa mganga atazamwe, asije akawa ameingiwa na jini kupitia vitabu hivyo. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus-salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Mama yangu, umeuliza jambo moja lakini umetaja matatu, na hilo uliloliuliza ndilo jepesi kuliko yote.

Kusimulia habari za kiumbe ambacho msimulizi na msikilizaji wote wanajua kuwa hakipo hakuingii katika uongo ulioharamishwa, kwa sababu hakuna anayedanganywa. Amepokea Abu Dawud kwamba Mtume (s.a.w.) alirejea kutoka vitani, upepo ukafunua pazia, akaona wanasesere wa Bi Aisha na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akastaajabu, "Farasi mwenye mbawa?" Bi Aisha akamjibu, "Kwani hukusikia kwamba Sulaiman alikuwa na farasi wenye mbawa?" Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Nasi wa huku Usukumani tumekua tukisikia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na ng'ombe wao mpaka Masala Kulangwa alipoliua na kuwatoa, na sijapata kumwona mtu aliyeacha sala kwa sababu ya ngano hiyo.

Uchawi unahitaji uangalifu zaidi. Katika hadithi ya Abu Huraira iliyomo kwa Bukhari na Muslim, sihiri imetajwa miongoni mwa mambo saba yenye kuangamiza, ikifuata mara tu baada ya shirki. Lakini tazama Aya ya 102 ya Suratul Baqara: mashetani wanalaumiwa kwa kukufuru na kuwafundisha watu uchawi, yaani kuutoa kama elimu ya kutendwa. Riwaya ambayo maneno yake ya kichawi yametungwa na mwandishi haimfundishi msomaji kitu cha kutenda. Kitabu chenye hirizi, majedwali ya kuita majini au maelekezo ya kupiga ramli ni jambo jingine kabisa, na hicho hakifai kukaa nyumbani kwako hata kikiwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo soma naye sura moja mbili, kisha muulize kwa upole anaelewaje nguvu zile. Akikujibu kwamba ni hadithi tu, na sala zake tano anazisali kwa wakati, basi usimharamishie alichohalalishiwa. Ukimwona ameanza kutamani uchawi wa kweli, au riwaya ina machafu, mzuie.

Sasa nije kwenye lile ulilolitaja kama la kupita, nalo ndilo lililonisumbua niliposoma barua yako. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, hazikubaliwi sala zake za siku 40. Unamkimbiza mtoto asisome uchawi wa kubuni, kisha unataka kumshika mkono umpeleke kwenye uchawi wenyewe! Wewe ni mkazi wa Kanda ya Ziwa na unajua ramli imetufikisha wapi: vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, mengi yakiwa yamewiva kwa moshi wa kuni, na ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya neno la mganga. Mtoto asomaye kitabu hana ugonjwa wa kutazamiwa. Ukiingiwa na hofu, msomee Ayatul Kursiyyi na Suratul Falaq na Naas, nawe umfundishe azisome mwenyewe kabla ya kulala.

Limebaki jiko la mkaa. Kitabu kile hakikuwa chako wala cha binti yako, kilikuwa amana ya mtu, na hasira haiondoi dhamana. Bi Aisha alipovunja sahani ya mwenzake kwa wivu, Mtume (s.a.w.) alimpelekea mwenzake huyo sahani nyingine nzima, na ile iliyovunjika akaibakiza nyumbani kwa aliyeivunja. Mtafutie yule binti nakala nyingine ya kitabu hicho hicho, au umlipe thamani yake, na umpelekee wewe mwenyewe badala ya kumtuma mwanao.

Wallahu a'alam.