Maswali na Majibu: Wayahudi Walisalije Mwaka wa Korona?

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu masinagogi na mwaka 2020, pale nyumba za ibada zilipofungwa karibu kila pembe ya dunia. Nayajibu yote hapa kwa pamoja.

Sisi Mombasa, Ramadhani ya 2020 tarawehe tulisali majumbani na mambo yakaenda. Wayahudi si wangefanya hivyo hivyo? Ubishi wao ulikuwa wa nini?

Nyumbani walisali, tena sana. Sala tatu za kila siku Myahudi anaweza kuzisali peke yake. Ila kuna sehemu za ibada ambazo hazisemwi mpaka itimie akidi ya watu wazima kumi, wenyewe wanaiita minyan. Mojawapo ni kusoma Torati hadharani kutoka kwenye gombo lake. Nyingine ni Kadishi, sala ya wafiwa. Waothodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria za kale kwa ukali, huhesabu wanaume tu, mirengo mingine huhesabu na wanawake.

Sasa watu kumi walioko kwenye kioo cha kompyuta, kila mmoja jikoni kwake, ni kumi au ni mmoja mara kumi? Hapo ndipo moto ulipowaka. Mrengo wa Konsavativu, unaoshika sheria lakini kwa ulegevu kidogo, ulikuwa na uamuzi wa tangu 2001: kumi wawe mahali pamoja kwanza, ndipo wengine wajiunge kwa mbali. Machi 2020 wakuu wa kamati yao ya sheria walilegeza kwa sababu ya dharura, wakamwachia kila rabi aamue kwa watu wake. Waothodoksi hawakukubali. Huko Israeli na New York baadhi yao walitoka kwenye vibaraza vya maghorofa, na marabi kadhaa wakaridhia wahesabiwe pamoja mradi wanaonana kwa macho. Mmoja anaongoza kutoka ghorofa ya pili, wa ng'ambo ya ua anaitikia "Amina".

Kuhusu kufunga milango yenyewe, hakukuwa na ubishi mkubwa kama watu wanavyodhani. Vikundi vichache viligoma na vikasikika sana, lakini kuokoa uhai katika sheria yao hutangulia karibu amri zote. Marabi hutaja Mambo ya Walawi 18:5, kwamba mtu azishike amri na kuishi kwa hizo. Kuishi, si kufa.

Nasikia siku ya Sabato hawagusi umeme. Zoom waliiwashaje?

Waothodoksi hawakuiwasha. Baadhi yao walikutana mtandaoni Ijumaa alasiri, wakaimba nyimbo za kuikaribisha Sabato, na kabla ya jua kuzama kila mtu akafunga kompyuta yake.

Kwenye mirengo iliyoruhusu, wale waangalifu walifanya hivi: kompyuta inawashwa Ijumaa mchana, inachomekwa kwenye chaji, kamera inaelekezwa, kisha haiguswi hadi nyota zionekane Jumamosi usiku. Mtandao ukikatika katikati ya sala, umekatika. Hakuna wa kubonyeza.

Kuimba pamoja ndiko kulikokuwa balaa. Sauti hufika kwa kuchelewa, kwa hiyo watu ishirini wakiimba kwa pamoja unapata kelele za sokoni. Ikabidi vipaza sauti vya wote vizimwe, abaki kiongozi peke yake. Unaitikia kwa nguvu zako zote sebuleni na hakuna anayekusikia isipokuwa paka.

Mfiwa alifarijiwa vipi? Kwetu bila matanga mtu huhesabiwa kama ametupwa.

Kwao pia. Baada ya mazishi ndugu wa karibu hukaa siku saba nyumbani, wanaziita shiva. Huketi kwenye viti vifupi, vioo hufunikwa, mlango huachwa wazi, majirani huingia na chakula bila kubisha hodi. Kila siku hupatikana watu kumi humo ndani ili mfiwa aseme Kadishi. Anayemlilia mzazi huendelea kuisema kwa miezi kumi na moja.

Ndiyo maana nasema pigo kubwa la mwaka ule lilikuwa hili, wala si sikukuu kufanyika bila watu. Mtu alimzika mama yake makaburini wakiwa wachache, wamesimama mbalimbali, kisha akarudi kwenye nyumba ambayo hakuna atakayeingia. Kadishi nayo ni sala ya kupokezana. Mfiwa anasema, wengine wanajibu, na bila wa kujibu haisemwi. Baadhi ya Waothodoksi walisoma Mishna, kitabu chao cha kale cha sheria, kwa ajili ya marehemu badala yake. Wengine walikesha wakitafuta kibaraza chenye watu tisa.

Waliokubali Zoom walipata jambo ambalo hawakulitegemea: shangazi aliyeko London na rafiki wa shule aliyeko Johannesburg wakawa matangani jioni moja. Chakula kiliachwa mlangoni, mleta akarudi nyuma hatua kadhaa na kupunga mkono.

Shikamoo. Baragumu la Mwaka Mpya lilipulizwa kweli, na ile hofu ya mate kuruka?

Marahaba, mwanangu. Lilipulizwa nje, kwenye bustani na maegesho ya magari. Wengine waliuvisha mdomo mpana wa ile pembe ya kondoo dume barakoa ya hospitali. Siku ya kwanza ya sikukuu ya Septemba 2020 iliangukia Sabato, siku ambayo wengi hawapulizi baragumu, kwa hiyo walipuliza Jumapili.

Na Wayahudi wa Mbale, Uganda?

Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, mwaka 1919. Serikali ya Uganda ilifunga nyumba zote za ibada Machi 2020, na zilipofunguliwa Septemba idadi ilikuwa mwisho watu 70. Habari za Zoom kule zilikuwa za wachache. Bando ni ghali, na kuingia WhatsApp tu wakati huo kulidai kodi ya shilingi 200 kwa siku. Kusali nyumbani kimyakimya wazee wao walikujua tangu enzi za Idi Amin, alipopiga marufuku dini yao. Lililobana ni chakula, kwa watu ambao riziki yao ni ya kutoka kila asubuhi, na marafiki zao Wayahudi wa Marekani walichanga.

Kwa hiyo Zoom ndiyo iliyowashikanisha?

Zoom ilipata sifa. Mimi kura yangu naipa simu ya kawaida. Sinagogi nyingi ziligawa orodha ya waumini, kila mtu wa kujitolea akapewa majina yake ya kupigia, wazee kwanza.

Pasaka ya 2020 ilionyesha kwa nini. Ilianza Jumatano jioni, tarehe 8 Aprili. Nje ya Israeli siku mbili za mwanzo ni takatifu, halafu zikaungana na Sabato. Mjane wa Kiothodoksi anayeishi peke yake Brooklyn alitazamiwa kukaa hadi Jumamosi usiku bila kugusa simu. Kwa hiyo Jumatano mchana simu zililia mfululizo: una dawa? Una mtu wa kugonga dirisha lako? Na marabi, wakiwemo wakali, walisema wazi kwamba mwenye hatari ya kudhurika kwa upweke anyanyue simu.

Bado wanasali kwa kamera?

Waothodoksi siku za Sabato, hapana. Kwingine kamera nyingi zimebaki, na ubishi umegeuka: wapo saba ukumbini na watatu kwenye kioo, asubuhi ya Jumanne, na mfiwa anangoja kuambiwa kama aanze.