Kiti cha Baba: kwa Kijana Anayetaka Kuandika Komedi

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea skripti yake nyumbani, Temeke. Kurasa thelathini na mbili, zimechapwa vizuri, zimebanwa kwa pini. Alikaa ukingoni mwa kochi, soda ameishika bila kuifungua, ananitazama ninavyosoma. Mlikuwa na mlevi anayeanguka mtaroni, mshamba anayeogopa lifti, na mama mnene anayevunja kiti ukweni. Nilipofika mwisho nikamuuliza, "Huyu mlevi ni nani kwako?"

"Si mtu, mzee. Nimemweka watu wacheke tu."

Nimeandika vichekesho vya redio, baadaye vya runinga, kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimeona skripti nyingi nzuri zikifia hapohapo. Nilimjibu kwa kumsimulia habari za Norman Lear, mtunzi wa komedi za runinga wa Marekani. Siku ile nilisimulia haraka, kijana alikuwa anawahi daladala. Leo naandika kwa utulivu, kwa ajili yake na wenzake.

Lear alizaliwa mwaka 1922 New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani, katika familia ya Kiyahudi. Alipokuwa na miaka tisa baba yake, Herman, alikamatwa kwa kuuza hati za dhamana za bandia, akafungwa. Nyumba ikajaa watu. Mama yake alikuwa anauza vyombo, maana aibu ilikuwa kubwa, hakuweza tena kukaa pale. Kati ya vilivyouzwa kilikuwamo kiti cha ngozi nyekundu, kiti cha baba. Aliyekaa kwenye kiti kile ndiye aliyekuwa anashika redio na kuamua nyumba nzima isikilize nini. Mtoto anaona kiti kinatolewa nje, analia. Mtu mzima mmoja akamwekea mkono begani, akamwambia kwa uzito wote kwamba sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba, na mwanamume wa nyumba halii.

Lear aliisimulia habari hiyo mpaka uzeeni. Alisema hapo ndipo alipoanza kuuona upuuzi wa binadamu, yaani mtu anaweza kumwambia mtoto wa miaka tisa neno kama lile, siku kama ile, na akaona amemfariji.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikatoka nje. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la nne, Tanga. Siku ya tatu ya matanga, turubai bado limefungwa, ubwabwa unapakuliwa kwenye masinia, mzee mmoja mwenye kanzu iliyoloa jasho alinishika kichwa mbele ya watu, akasema, "Sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii." Halafu akanituma maji ya kunawa. Nikaenda. Komeo la mlango wa uani lilikuwa juu, mkono wangu haukufika. Nikasimama pale na birika tupu, baba wa nyumba, nikimngoja dada yangu aje anifungulie.

Niliiandika miaka mingi baadaye, kipande cha dakika nne kwa ajili ya redio. Siku ya kurekodi fundi mitambo alicheka mpaka akavua hedifoni. Kisha akanyamaza, akageukia ukutani. Naye alifiwa na baba akiwa mdogo, ila sikujua mpaka siku ile. Tangu hapo najua pa kuchimba.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla hujaandika mstari wowote, tafuta kiti kilichouzwa kwenu. Kila nyumba kipo. Kwa mwingine ni baiskeli ya babu ambayo hairuhusiwi kuguswa, kwa mwingine ni shangazi anayehesabu vipande vya nyama sufuriani. Anza na kitu unachokijua kiasi kwamba ukikitaja koo linakaza.

Lear mwenyewe hakukifikia kiti hicho upesi. Aliacha chuo Boston akaenda vitani, akaruka na ndege za mabomu kutoka Italia, safari 52. Baada ya vita alihamia California, akawa anauza samani na picha za watoto nyumba kwa nyumba pamoja na Ed Simmons, mume wa binamu yake. Usiku mmoja wake zao wameenda sinema, wao wakakaa wakaandika wimbo wa kuchekesha. Wakauuza kwa dola 40, wakagawana ishirini ishirini. Baadaye alipata namba ya simu ya mchekeshaji Danny Thomas kwa kujifanya mwandishi wa gazeti la New York Times, akamuuzia kichekesho. Ule uongo sikushauri uuige. Ninachotaka ukione ni kwamba simu ilipopokelewa alikuwa na kitu cha kuuza. Wengi wetu tunahangaika na namba ya bosi wa kituo, na akituuliza una nini tunaanza kusema tuna wazo. Wazo halichezwi. Uwe na kurasa.

Miaka mingi ya hamsini alikuwa anaandikia wengine, kina Dean Martin na Jerry Lewis, wachekeshaji wawili waliokuwa wakiigiza pamoja. Ni shule kubwa ile, lakini hapo bado alikuwa anaandika utani wa mtu mwingine kwa mdomo wa mtu mwingine. Kilichombadilisha ni habari za kipindi cha Uingereza alichokitunga Johnny Speight, cha mzee mbaguzi anayezozana na mkwewe ndani ya nyumba moja. Lear akamwona baba yake. Akanunua haki za kukitengeneza Marekani, na hapo ndipo Archie Bunker alipozaliwa: mfanyakazi wa kawaida wa Queens, New York, mwenye kiti chake sebuleni ambacho mtu mwingine hakai. Kiti chenyewe leo kiko makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Archie anamkatiza mkewe Edith kwa neno la kumziba mdomo, na neno hilo Lear alilitoa kinywani mwa baba yake alivyokuwa akimwambia mama. Baba huyohuyo alikuwa akimwita Norman mvivu kuliko mtoto yeyote mweupe. Mtoto akijibu kwamba hapo unalitukana kabila zima la watu, yaani Weusi, ili tu umwite mwanao mvivu, baba anasema sivyo. Ukifikiri, hiyo tayari ni komedi kamili. Ina watu wawili, kila mmoja ana hakika, na kuna jeraha katikati.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo vijana wengi wanapoteleza. Lear alimpenda baba yake. Archie ana maneno mabaya kuhusu Weusi, Wayahudi, wanawake, kila mtu, na kipindi hakimtetei. Lakini anaogopa kufukuzwa kazi, anaogopa dunia inavyobadilika, na anamhitaji Edith kuliko anavyoweza kusema. Mwandishi akimchukia mtu wake, skripti inageuka mashtaka. Watu hawawashi runinga usiku ili wasikilize mashtaka. Mlevi wako akiwa hana mtu anayempenda, sisi tutamcheka mara moja anapoanguka mtaroni, na mara ya pili tutabadilisha stesheni.

Habari ya kukataliwa nayo niiseme, kwa sababu najua inavyowauma. Kituo cha ABC kilirekodi kipindi cha majaribio mwaka 1968, kikakataa. Mwaka 1969 kikarekodi tena, kikakataa tena. CBS ndiyo iliyokubali, kwa sababu bosi wake, Robert Wood, alikuwa anataka kuwapata vijana wa mijini badala ya vipindi vya mashambani vilivyopendwa zaidi na watazamaji wazee. Kikaenda hewani tarehe 12 Januari 1971 kwa jina la All in the Family. Mara zote tatu skripti ilikuwa karibu ileile. Walibadilishwa waigizaji wa binti na mkwe. Carroll O'Connor na Jean Stapleton, Archie na Edith, walibaki. Na hata hapo watazamaji hawakumiminika. Ilipofika kiangazi, vipindi viliporudiwa, ndipo watu walipokigundua, kisha kikaongoza Marekani nzima misimu mitano mfululizo.

Mimi skripti yangu ya kwanza ya runinga ilirudishwa na kituo kimoja mara mbili. Mara ya kwanza waliniambia familia ni maskini mno, wenye matangazo hawatapenda. Nikaitajirisha, nikaweka gari na hausigeli. Mara ya pili wakasema haina ladha, na walisema kweli, ladha niliitoa kwa mkono wangu. Ninajuta ile gari mpaka leo. Ukikataliwa, rudi uangalie kama waigizaji ndio hawafai, au mwendo ni mzito, au umefika kwa mtu asiye wako. Moyo wa kisa usiuguse kabla hujamaliza hayo mengine.

Kuna siku ya kwanza ya CBS. Mkaguzi wa kituo alitaka mstari mmoja ukatwe. Ni Jumapili asubuhi, binti na mumewe wanadhani wako peke yao, wazee wanarudi mapema kutoka kanisani, wanawafuma vijana, na Archie anasema neno kuhusu saa yenyewe, asubuhi ile, Jumapili. Basi. Lear akajibu kwamba mstari ukikatwa yeye harudi kazini. Ulibaki. Alieleza baadaye kwamba akikubali jambo dogo la kijinga mara moja, atakuwa anakubali kila wiki.

Wewe na mimi hatuna nguvu hiyo. Ukisema huku kwetu kwamba hurudi, watakuitikia vizuri na kumpigia simu mwingine. Ninachofanya ni kwamba kabla ya kupeleka skripti naipitia kwa kalamu nyekundu, natia alama mistari mitatu ambayo bila hiyo kisa hakisimami. Kwenye kikao nawaambia mapema: haya mengine yote tuzungumze, hii mitatu tafadhali iacheni. Mara nyingi wanaiacha, kwa sababu nimewapa mengine. Zamani nilikuwa nagombania kila neno, na katika ugomvi ule nilipoteza jibu moja la mama kwa mwanawe ambalo nilikaa nalo wiki nzima. Kipindi kikaenda hewani bila jibu lile, na mama yule akaonekana hana akili.

Jambo jingine ni masikio. All in the Family ilirekodiwa mbele ya watu, bila kicheko cha kubandika, mara mbili siku ileile, kila mara na hadhira nyingine. Katikati ya mizunguko hiyo miwili waandishi na waigizaji walirekebisha palipolala. Hatuna studio za namna hiyo, lakini vijiwe vya kahawa tunavyo. Nenda kijiweni baada ya alasiri, omba wazee dakika kumi, soma. Usiigize sana. Wakiangalia bao, mstari umekufa. Wakisimamisha kete mkononi, umepata. Mzee mmoja wa Mbagala, sasa marehemu, alinifundisha uandishi kuliko semina zote nilizohudhuria, na hakuwahi kunishauri neno; alikuwa tu anakohoa nikirefusha.

Na uwapokee wenye malalamiko. Lear alikuja kuwa na vipindi vingi kwa wakati mmoja, Maude, Sanford and Son, Good Times, The Jeffersons. Good Times, kilichotungwa na Eric Monte na Mike Evans, kilihusu familia ya Weusi wa Chicago, na ni mwigizaji Esther Rolle aliyeshikilia kwamba mama wa familia ile lazima awe na mume. Alikuwa na haki. Lear alisimulia kwamba siku moja watu wa Black Panther, chama cha wanaharakati Weusi, walimwingilia ofisini, wamekasirika: kwa nini mtu Mweusi kwenye runinga awe maskini tu, anayehangaika na kazi tatu? Hakuwaitia walinzi. Aliwasikiliza, na malalamiko yale yalichangia The Jeffersons, familia ya Weusi waliofanikiwa kwa biashara ya madobi. Kilidumu miaka kumi.

Kwangu alikuja mama ntilie, amebeba kapu lake, mpaka mapokezi ya studio. "Mwanangu," aliniambia, "kila Jumatano mama ntilie wako anaongeza maji kwenye mchuzi. Mimi nimesomesha watoto wanne kwa mchuzi huo." Sikuwa na jibu. Nilimwomba anieleze siku yake inavyoanza, akaanza saa tisa usiku, na mkaa uliolowa, na mteja anayelipa kesho tangu mwaka juzi. Vipindi sita vilitoka kwenye mazungumzo yale, na vinachekesha kuliko maji ya mchuzi.

Lear alifariki Desemba 2023 akiwa na miaka 101. Akiwa na miaka 94 alikuwa bado kazini, akishiriki kukirudisha kipindi chake cha zamani, One Day at a Time, safari hii kwa familia yenye asili ya Cuba. Nawaambia hivi kwa sababu kijana wangu aliniuliza kama kwa miaka ishirini na saba amechelewa. Lear wakati Archie anaenda hewani mara ya kwanza alikuwa na miaka 48.

Jumamosi kijana amerudi. Kurasa sita tu safari hii, za mkono. Mlevi ni mjomba wake, aliyewalea. Anarudi usiku wa manane, anavua viatu mlangoni ili asiwaamshe watoto, anatembea kwa ncha za vidole mpaka chumbani kwao, halafu anawaamsha wote awaonyeshe jinsi alivyoingia kimya. Nilicheka nikaishiwa pumzi. Mstari wa mwisho wa ukurasa wa nne bado ni mrefu, nimemwambia. Alhamisi tunaenda kuusoma kijiweni, na nimemwomba mjomba naye aje.