Breki imefungwa: imeshika, au imewekwa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi umeme katika karakana ya chuma. Tuna kreni ya tani 20, ile inayotembea juu ya reli mbili chini ya paa, na sasa tunaibadilishia umeme wake wote: tunatoa kontakta (swichi za sumaku) na vikinza (vifaa vya kupunguza mkondo) vya zamani, tunaweka draivu za kisasa, yaani vifaa vya kudhibiti mwendo wa mota. Nimepewa kazi ya kuandika ripoti na tangazo la waendeshaji kwa Kiswahili. Rasimu niliyoikuta inasema: "Usasishaji wa kiendeshi cha umeme cha korongo umekamilika. Breki zote zimefungwa." Mimi niliyeifanya kazi hiyo sikuielewa. Tuseme kukarabati, kuboresha au kusasisha? Draivu tuiiteje? Na huyo korongo ametoka wapi? Tena, umeme unaorudi mzigo unaposhuka tuuiteje?

JIBU: Marahaba, fundi. Nianze na korongo kwa kuwa jibu lake ni fupi. Waingereza waliupa mtambo huu jina la ndege mwenye shingo ndefu, na Wafaransa nao wanamwita ndege na mtambo kwa neno lilelile, grue. Kiswahili hakikupita njia hiyo. Kwetu korongo ni ndege, au ni bonde lenye kingo kali kama lile la Olduvai, basi. Aliyeandika rasimu, au programu iliyomtafsiria, alichukua maana ya kwanza aliyoikuta. Mtambo una majina yake mawili, kreni na winchi, na watu wa bandarini hutumia winchi kwa mtambo mzima. Katika ripoti yako nakushauri uyatenganishe: kreni iwe mtambo wote, winchi iwe ile ngoma inayozungusha kamba ya chuma pamoja na mota yake. Na usiandike "makreni". Ni kreni hii, kreni hizi.

Sasa vitenzi. Kukarabati ni kukirudisha kilichochakaa au kuharibika katika hali yake ya kwanza. Ukibadilisha brashi za kaboni za mota ileile, umekarabati. Kusasisha kumejengwa juu ya "sasa", nako kumezoeleka kwenye programu za simu na kompyuta; mtu akisoma "kusasisha kreni" atadhani mmeingiza programu mpya tu. Kuboresha si kosa, ila ni neno pana mno. Atakayeifungua ripoti hii miaka kumi ijayo, ameshika tochi mbele ya kabati la umeme, anataka kujua kilichotolewa na kilichowekwa, na "kuboresha" hakumwambii chochote. Andika wazi: "kubadilisha mfumo wa kuendesha mota za kreni". Kubadilisha ndiyo kazi mliyoifanya.

Kuhusu draivu, neno "kiendeshi" limeundwa vizuri kwa sarufi. Enda imezaa endesha, endesha imezaa mwendeshaji ambaye ni mtu, na kiendeshi ambacho ni kifaa. Tatizo ni kwamba watu wa kompyuta wamekwisha kulichukua kwa diski zao, na "mfumo endeshi" nao ni wao. Mimi ningetazama kifaa chenyewe kinafanya nini. Kinapokea mkondo geu (AC) wa Hz 50, yaani marudio 50 kwa sekunde, kinaugeuza kuwa mkondo mnyofu (DC), kisha kinautoa tena kama mkondo geu wenye marudio unayoyataka wewe. Mota ya ncha nne za sumaku, ambayo kwa Hz 50 uga wake wa sumaku huzunguka mara 1500 kwa dakika, ukiipa Hz 25 uga huo huzunguka mara 750. Fundi yeyote aliyefunga umeme wa jua anakijua kifaa cha jamii hiyo kwa jina la inveta. Basi andika "inveta ya kudhibiti mwendo" mara ya kwanza, na "inveta" kuanzia hapo. Neno limo midomoni tayari, na linajitosheleza.

Utaona nimesema marudio, sikusema masafa. Redioni masafa yamekubalika na sina ugomvi nayo. Lakini kreni yako inatembea juu ya reli, na masafa ni umbali pia. Sentensi kama "ongeza masafa ya kreni" ina maana mbili kwenye mtambo uliobeba tani 20 juu ya vichwa vya watu. Marudio hayana utata huo.

Hapo ndipo tunafika kwenye breki, na hapa naomba tukae.

Kufunga breki, kwa dereva yeyote, ni kuibana ili chombo kisimame. Kufunga mota, kwa fundi yeyote, ni kuiweka mahali pake na kukaza bolti. Basi "breki zote zimefungwa" ni breki mpya zimewekwa, au breki zimeshika na ndoano haisogei? Mwendeshaji akielewa kwamba zimeshika ilhali mwandishi alitaka kusema zimewekwa na bado hazijajaribiwa, neno moja limemweka mtu hatarini. Kwa kuweka kifaa tumia kusimika au kuweka. Kwa kazi ya breki yenyewe tumia kushika: "breki imeshika".

Upande wa pili ni kuachia, na Kiswahili kimekupa tofauti nzuri ambayo usiipoteze. "Breki imeachiwa" ni kutendwa: kuna aliyeamuru, mtu au inveta. "Breki imeachia" maana yake imeachia yenyewe, na hiyo ni hitilafu. Herufi moja tu, w. Katika kitabu cha kumbukumbu za matengenezo, w hiyo ndiyo inayotenganisha zamu ya kawaida na ajali. Waambie vijana wako waiandike.

Tofauti hiyo inawahusu zaidi sasa kuliko zamani. Kwenye mfumo mlioutoa, mwendeshaji alivuta mkono wa kuendeshea, kontakta zikagonga moja baada ya nyingine, vikinza vikapunguzwa kwa hatua, na akiachia mkono breki ilibana kwa kishindo. Masikio yake yalimwambia yuko hatua ya ngapi. Kwenye inveta iliyopangwa vizuri, mota inaubeba mzigo kwanza breki ikiwa bado imeshika. Inveta ikishahakikisha kwamba mota ina nguvu, ndipo breki inaachiwa. Wakati wa kusimama mota huupunguza mwendo mpaka sifuri, kisha breki hushika kimya. Mwendeshaji wa miaka mingi atausikia ukimya huo na kudhani breki haifanyi kazi. Tangazo limweleze mfuatano huo hatua kwa hatua, kwa maneno yasiyo na maana mbili.

Neno jingine la kuangalia ni kushusha. Mzigo ulioshushwa unaweza kuwa bado unaning'inia nusu mita juu ya sakafu. Watu wa majahazi wana jozi safi, kutweka (kupandisha) na kutua: tanga hutwekwa, tanga hutuliwa. Na aliyebeba ndoo kichwani akisema "nitue", haachwi njiani. Mzigo wake hufika chini. Kwa hiyo kushusha kuwe mwendo, kutua kuwe mwisho wa mwendo.

Umeniuliza pia kuhusu umeme unaorudi. Mzigo wa tani 20 ukishuka mita 9 unatoa nishati ya karibu nusu uniti. Zamani, ukishusha taratibu, sehemu kubwa ilipotea kama joto kwenye vikinza na breki. Inveta ya kawaida nayo huichoma kwenye kikinza chake. Ile yenye uwezo huo huirudisha kwenye waya za umeme. Usiite zote "breki ya umeme". Ya kwanza ni "breki ya kikinza", ya pili ni "breki ya kurudisha umeme", na ripoti iseme mmesimika ipi.

Kichwa cha ripoti yako, basi: "Kubadilisha mfumo wa kuendesha mota za kreni ya tani 20". Chini yake: "Kontakta na vikinza vya zamani vimetolewa. Inveta za kudhibiti mwendo zimesimikwa. Breki mpya zimesimikwa", na hapo uongeze kama zimejaribiwa, na kwa mzigo wa tani ngapi.

Na tangazo la kubandika kabini: "Breki hushika kimya. Usisubiri kishindo. Ndoano ikisogea wakati breki inapaswa kuwa imeshika, breki imeachia: bonyeza kitufe chekundu, toa taarifa. Mtu yeyote asikaribie ndoano kabla mzigo haujatua."